Mapipa Sita ya Mzee Gidioni

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mzee Gidioni Eliezeri, fundi wa maji wa Chuo cha Ufundi cha Wasichana Mfuoni, anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na miwili. Aliingia Julai 1993 akiwa kijana wa miaka ishirini na minane, na jembe, na panga, na buti za mpira zilizotobolewa na panya. Anatoka akiwa babu wa wajukuu wanne, na buti mpya tulizomnunulia sisi wafanyakazi. Ameshatutangazia kwamba hatazivaa mpaka zile za zamani zife zenyewe.

Katibu wa chuo ameniomba niandike mimi maneno haya ya kumuaga kwa sababu katika wafanyakazi waliobaki ndimi niliyekaa naye muda mrefu. Nimekuwa jikoni tangu 1999. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo Mwalimu Dainess wa ushonaji amenisaidia kunyoosha maneno. Palipopinda ni pangu.

Wageni wetu wa leo wajue kwanza kwamba maji ya chuo hiki hayatoki mjini Moshi. Yanatoka juu, msituni, kwa mfongo, ule mfereji uliochimbwa na mababu, unaopita kihamba kwa kihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, na kila nyumba ikiwa na zamu yake. Zamu ya chuo ni Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Siku hizo Mzee Gidioni hupanda mpaka kwenye kibanio, pale mto unapozibwa ili maji yaingie mfongoni, hufungua, kisha huyafuata maji kwa miguu kama mtu anayerudisha ng'ombe nyumbani, mpaka yaingie kwenye tangi letu. Akiona yamepungua njiani, hulala kifudifudi na kuweka sikio chini. Mara nyingi huinuka na kusema yamepotelea wapi, na ukichimba hapo unayakuta.

Mvua za El Niño zilipobomoa kibanio mwanzoni mwa 1998, mkuu wa chuo wa wakati ule alitaka kuwarudisha wasichana makwao. Gidioni aliomba siku tisa. Alijenga kwa mawe, matope na vigogo vya migomba, akisaidiwa na watu wa mfongo, na siku ya tisa maji yakaingia mchana, wasichana wakayapokea kwa vigelegele wakiwa na ndoo vichwani. Kibanio kile kimekuja kutiwa saruji baadaye, lakini mawe ya chini ni yale yale.

Halafu kuna Bibi. Bibi ni ile koki kubwa ya chuma chini ya tangi, ambayo Mzee Gidioni aliipa jina hilo kwa sababu haitaki kuamrishwa. Fundi mmoja alipanda kutoka mjini na spana ndefu kama mkono wangu, akaikunja Bibi kwa nguvu, mpini ukabaki mkononi mwake. Mzee Gidioni alikuja, akamsalimia Bibi shikamoo, akagonga kwa jiwe mara mbili, akazungusha kisiki kilichobaki kwa vidole. Fundi wa mjini alikunywa chai yangu, akashuka.

Nisiseme uongo, mimi naye tuligombana. Kosa lake lilikuwa moja, nalo lilinikera jikoni. Siku ya zamu yetu, kama kuna nyumba huko juu yenye msiba, au mama aliyejifungua, au mtu ambaye mahindi yake yanakauka na zamu yake iko mbali, Gidioni alimpitishia maji kwanza. Chuo kikapata baadaye. Uji unachelewa, wasichana wamepanga foleni na vikombe, mimi naulizwa. Nikimfuata na mwiko mkononi hunijibu kwa upole kwamba nyumba yenye msiba haina zamu. Naondoka nimenuna. Sikujua kwamba ipo siku hayo maji yaliyonichelewesha yangenirudia.

Sasa nije kwenye ibada za Jumatano. Wafanyakazi wa chuo huanza Jumatano kwa neno fupi pale jikoni, kwa sababu ndiko kwenye joto. Kila mtu ana zamu ya kuongoza. Ikifika zamu ya Mzee Gidioni tulikuwa tunalijua somo lake kabla hajafungua: harusi ya Kana, pale Yesu alipogeuza maji kuwa divai. Hata ukimpa Nuhu na safina atafika Kana. Walimu walimtania kwamba huyu mwenzetu alialikwa kwenye ile harusi na hajarudi bado.

Lakini hakuwa anarudia, jamani. Kila mara alichimba upande mwingine. Mara moja alituambia tuangalie ile mitungi ya mawe iliwekwa pale kwa kazi gani. Haikuwa ya kinywaji. Ilikuwa ya kunawia, ya watu walioogopa kwamba hawajawa safi, na kesho yake wananawa tena, na mitungi haimalizi hofu yao. Bwana hakuagiza vyombo vipya. Alichukua vile vile vya hofu akavijaza furaha. Mara nyingine alituambia tuihesabu: ni sita. Katika Maandiko saba ndiyo iliyotimia, kwa hiyo hapo kuna upungufu wa mmoja, na yule mmoja alikuwa amesimama katikati yao na hawakumtambua.

Alipokaa zaidi ni kwa watumishi. Mkuu wa meza alionja akasifu, bwana harusi akasifiwa, wageni wakanywa, na hakuna hata mmoja aliyejua kilichotokea. Waliojua ni wale waliochota maji. Mzee Gidioni alikuwa akifika hapo anafunga kitabu. Anasema heshima ya mtumishi ni hiyo, kujua na kunyamaza, ili nyumba ya watu isiaibike.

Wasichana humwita Mzee wa Mapipa. Vijana mnadhani ni kwa sababu ya yale mapipa sita ya bluu ya kunawia mikono mlangoni mwa bwalo, ambayo yeye ndiye huyajaza. Wafanyakazi wa zamani wanajua kwamba jina hilo lilianza kama kejeli, na wanajua ni ya nini. Hawajui ukweli wake. Ukweli ninao mimi, na ndiyo maana nilipoombwa niandike nilisita kwanza, kisha nikakubali.

Ilikuwa Januari 2016. Binti yangu Goodness alikuwa anaagwa kwenda kuolewa na Jovin, kijana wa Machame. Baba yake Goodness alikuwa ameshapumzika miaka sita, hivyo sherehe yote ya sendofu ilikuwa mabegani mwangu. Nyumba yangu iko chini ya chuo, ng'ambo ya korongo, nusu saa kwa miguu. Kila mtu wa huku anajua kwamba chakula kikipungua wageni watasamehe, lakini mzee wa upande wa pili asipopewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, baraka haisemwi, na watu hawajui waanze wapi.

Wiki chache kabla, ndugu wa Jovin walikuja kututembelea. Shangazi yake, Mama Margareta, alipokea chai, akakiangalia kikombe ndani na nje, akasema kwa mzaha kwamba vikombe vya upande huu vina historia. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, halafu sikulala vizuri mpaka sendofu.

Mzee Gidioni aliniazima yale mapipa sita ya bluu, kwa kuwa chuo kilikuwa likizo. Mama mwenye akili angeyasuuza kwa maji ya moto na majivu basi. Mimi nilikuwa na kikombe cha Mama Margareta kichwani. Niliyasugua kwa sabuni ya unga mara tatu. Nikatia na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikaifunga humo siku mbili iingie vizuri. Januari maji ni haba, nikasuuza harakaharaka. Alhamisi nikachuja ndizi zangu zilizokuwa zimekaa wiki nzima, nikachanganya na uji wa ulezi, nikafunika, nikaomba.

Ijumaa asubuhi nilifunua. Hakuna povu. Pipa la kwanza kimya, la pili kimya, yote sita yamelala kama maji ya kuoshea vyombo, na yananuka sabuni. Sendofu ni kesho saa sita. Nilikaa chini hapo hapo kwenye maganda ya ndizi.

Mzee Gidioni alikuwa anapita kuangalia mapipa yake. Alinikuta hivyo. Wengi mnajua kwamba yeye hanywi, tangu ujana wake hajatia pombe mdomoni, na wakati ule alikuwa mzee wa kanisa na msomaji wa masomo ya Jumapili. Hakuonja. Alinusa tu, akanielekeza nimwage yote migombani. Kisha akasema, "Jaza maji mpaka juu, mapipa yote sita. Yakae hadi saa nane. Na usiniulize."

Nilifanya. Na hapa nacheka mwenyewe ninapoandika. Mtu aliyehubiri Kana miaka yote ile ananiambia jaza mapipa sita maji mpaka juu! Mimi niliamini, ndugu zangu. Nilijaza mpaka yakamwagika. Kila baada ya muda nilikwenda nikafunua kidogo nione kama rangi inabadilika. La nne nililichovya kidole nikalamba. Aliporudi saa nane akanikuta nimeinamisha kichwa ndani ya pipa, akaniuliza natafuta nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akashika mgomba. Alikuwa ametaka maji yavute ile dawa na sabuni itoke kwenye plastiki, basi. Hayo ni mambo ya ufundi wa maji.

Lakini asubuhi yote hiyo hakuwa amekaa bure. Alikuwa amepanda mfongo nyumba kwa nyumba. Ijumaa huku juu nyumba nyingi zina mbege ya mwisho wa wiki. Kila mlango alibisha akasema ana shida ya mbege, ndoo moja, na wasimuulize ni ya nini. Nyumba kumi na tisa hazikuuliza. Ni zile nyumba za msiba, za wazazi, za mahindi yaliyokuwa yanakauka. Alikuwa amewajazia maji zaidi ya miaka ishirini, siku ile wakamrudishia mbege.

Tulimwaga maji, nikanusa, mapipa yamekuwa safi. Akayapandisha kwa mkokoteni wa chuo, ule wa kubebea mabomba na saruji, akayashusha yamejaa, mawili mawili, safari tatu, mchana kweupe, akiuzuia mkokoteni kwa mgongo usimshinde kwenye mteremko. Barabara ni moja, na inapita mbele ya kanisa.

Jumamosi, babu yake Jovin, Mzee Mathayo, alipewa kata ya kwanza. Alikunywa, akapangusa midomo. Mama Margareta alikuwa anamtazama mdomo. Mzee Mathayo akaomba ya pili kutoka pipa jingine, akaimaliza. Ndipo aliposema, "Nimealikwa sherehe nyingi. Watu huanza na nzuri, halafu wakishakolea wanaletewa ya kusuuza midomo. Hapa kila pipa lina ladha yake, na kila moja ni nzuri. Nani amepika?"

Nikasema ni ya hapa hapa. Basi. Akasimama akabariki, akawataja watoto wote wawili kwa majina, wanawake wakapiga vigelegele. Mama Margareta alinifuata jikoni akitaka kujua nimetia msesewe, lile gome chungu la mti, kiasi gani ikapata uchungu mzuri vile. Mpaka leo tukionana ananiuliza. Shangazi, najua uko ukumbini, nimekuona. Jibu ndilo hilo: ulikunywa nyumba kumi na tisa.

Nyumba yangu haikuaibika. Aliyeaibika ni mwingine.

Wazee wa usharika walimwita Gidioni wiki iliyofuata. Watu wengi walikuwa wamemwona na mapipa, na nyumba kumi na tisa zilikuwa zimeombwa kwa jina lake. Alijibu maneno mawili: "Nilibeba. Sikunywa." Wakamuuliza ni ya nani, maana hakuna aliyenifikiria mimi, niliyeonekana nikipika yangu wiki nzima. Hapo alinyamaza, na hakufungua mdomo tena. Siwalaumu wazee wetu. Waliona mapipa, na mtu haelezi, wangefanya nini? Alipumzishwa uzee wa kanisa na kusoma masomo. Mwaka mmoja alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mke wake Mama Digna pembeni yake, ambaye alifua nguo zinazonuka mbege na hakumuuliza kitu. Alipoitwa arudi kwenye uzee, alishukuru akasema maji yanamtosha. Kejeli ya Mzee wa Mapipa ikabaki.

Na mimi je? Nilimfuata siku ile ile nikamwambia nitakwenda kwa wazee niseme. Alinikataza. Aliniambia nyumba ya binti yangu ni kama tangi jipya, huwezi kulijaza kabla saruji haijakauka. Nikashika hilo neno kwa mikono miwili, maana lilinifaa. Nikasema nitasema Goodness akizaa. Akazaa. Nikasema mtoto akitembea. Mtoto anakwenda shule sasa. Hofu ya mama haikosi sababu. Jumatano zake aliendelea kutusomea Kana, na akifika kwa watumishi waliochota maji anafunga kitabu, hamwangalii mtu. Mimi nageuka nasugua sufuria ambayo ni safi.

Mwezi uliopita nilimpigia Goodness simu. Anaishi Holili na Jovin, ambaye anafanya kazi ya kusafirisha mizigo pale mpakani. Nikamweleza yote, nikitegemea alie. Nikasikia malori yanapita kwake. Kisha akacheka, akaniuliza kama nimelala na jambo hili miaka tisa. Akasema, "Mama, andika. Na Shangazi usimfiche."

Nikapanda kwa Mzee Gidioni. Nilimkuta anamfungua Bibi, zamu ya Alhamisi. Nikamwambia ninachotaka kuandika. Akatikisa kichwa akanijibu kwa somo lake kwamba waliochota walijua, yatosha.

Mimi sijawahi kubishana naye kwenye Neno. Siku hiyo nilibishana. Nikamwambia, "Mzee, kama wale watumishi wangenyamaza mpaka kufa, wewe ungekuwa unasoma nini kila Jumatano?"

Alinitazama. Akafuta mikono kwenye suruali, polepole, kama mtu aliyeweka sikio chini akasikia kitu. Nikaendelea: si mkuu wa meza aliyetuachia habari ile, maana yeye hakujua. Si wageni. Lazima kuna mtu aliyeshika mtungi ambaye siku moja, harusi ikiwa imepita na wenye nyumba wameshazaa, alifungua mdomo. Kunyamaza kwao kuliwafaa bwana harusi na bibi harusi. Kusema kwao kumetufaa sisi wote. Hilo halijawahi kusemwa jikoni kwetu Jumatano, na nililisema mimi mpika uji.

Bibi alikuwa ameanza kutiririsha. Mzee Gidioni akasema, "Basi mwambie Dainess aandike kwa herufi kubwa. Macho yangu siku hizi."

Ndiyo hizi hapa, Mzee, kubwa.

Wazee wa usharika mliopo na nyote mliokuja kumuaga, mnapoingia bwaloni kula mtapita mlangoni pa mapipa sita ya bluu. Ni yale yale. Leo asubuhi yamejazwa mpaka juu na mikono yangu, yeye nimemkataza. Naweni. Mzee wa Mapipa hakunywa. Alibeba mbege yangu, akabeba na aibu yangu miaka tisa, akiteremka nayo mbele ya kanisa bila kuniangusha. Mimi nilichota, na nilijua. Nakuomba radhi mbele ya watu, Mzee Gidioni, kwa kuchelewa kuliko uji wangu wowote.

Mama Digna, asante kwa kutuazima mume wako miaka thelathini na miwili. Tunamrudisha akiwa na magoti yamechoka kidogo, mengine yote ni mazima. Usimwache apande kibanioni mvua ikinyesha, na kikohozi kile akakionyeshe hospitali, akikataa nitumie ujumbe nije na mwiko.

Na wewe, Mzee wetu, nenda ukae kihambani kwako. Mfongo unapita pale kabla ya kufika kwetu. Siku ya zamu yetu ukiona mchicha wako umenyauka, fungua uchukue kwanza. Uji utachelewa, na safari hii sitanuna.

Elinipendo, Mama Goodness
Jikoni, Chuo cha Ufundi cha Wasichana Mfuoni